Liko, Lipo, Limo

Mama Tunu, mke wa Mwalimu, alinipigia simu asubuhi nikiwa nasahihisha madaftari, akasema, "Paskazia mwanangu, Mwalimu hayupo." Nikamuuliza, "Ameenda wapi?" Nikasikia mtu nyuma yake akilia, ndipo nikaelewa nilikuwa nimeuliza nini. Nina miaka hamsini na sita, nafundisha watu watakaokuwa walimu, na mwaka mzima wa ujana wangu niliumaliza nikigombezwa kwa ajili ya maneno ya aina hiyohiyo: yupo, yuko, yumo. Aliyekuwa akinigombeza ndiye aliyekufa, nami nikafeli mtihani wake asubuhi ileile ya kifo chake. Angefurahi sana. Angesema, "Unaona? Husikilizi."

Nilifika Tabora wakiwa wamekwisha kuzika. Nyumba ya Mwalimu, mtaa wa Itetemia, ilikuwa imejaa watu, meza ya sebuleni imetolewa uani, mikeka imetandikwa, na kwaya ya kanisani imejibana kwenye kona ambayo zamani ilikuwa ya vitabu. Ubao mweusi ulikuwa ungali ukutani, ila mtu alikuwa ameutundikia kanga mbili mbichi zikauke. Nilikasirika kuliko inavyofaa kukasirika msibani. Nikakaa chini, nikauegemea ukuta uleule niliokuwa nikiuegemea zamani, na kwa siku mbili watu walidhani nalia kwa ajili ya Mwalimu tu, kumbe nilikuwa nalia pia kwa ajili ya ukurasa mmoja. Habari za wazazi wangu na utoto wangu haziingii hapa, zina mahali pake. Hapa nataka kuueleza ule mwaka, na ukurasa wa thelathini na moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na baiskeli isiyo na breki ya nyuma. Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya hisabati Dar es Salaam, na Mwalimu Kalugula, msimamizi wangu, akastaafu katikati ya kazi yetu akarudi kwao. Idara ikaniambia nichague: nitafute msimamizi mwingine na mada nyingine, au nimfuate. Nikamfuata. Nilipanga chumba Isevya kwa Bi Zuhura, mama wa mjini aliyekuwa akishona kofia, na kila asubuhi nikawa napiga pedeli hadi Itetemia kwa njia ambayo Mwalimu alidai ndiyo waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani. Nikichelewa, alinikumbusha. "Wao walibeba pembe za ndovu mpaka pwani," alikuwa akisema, "wewe umebeba karatasi." Hakuwa mpole. Nalisema hili kwa sababu msibani nilisikia watu watatu wakimsifu kwa upole, nikajiuliza kama nimeingia msiba wa mtu mwingine. Alikuwa mkali, bahili wa muda wake, na chai niliyoipika aliiita maji ya kusuuzia vikombe. Na alikuwa anapofuka. Ilikuwa presha ya macho, na daktari alikuwa amemwambia ajiandae. Alisema anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kupungua. Mwandiko wangu hakuweza tena kuusoma. Kwa hiyo nilimsomea.

Kazi yetu naweza kuieleza kama yeye alivyonieleza, kwa bani la kukaushia tumbaku, maana alikulia Urambo na alichochea moto wa bani kabla hajajua kuandika. Katika milinganyo ya kawaida, jani linajua habari za majirani zake tu: joto la hapa linategemea joto la hapo pembeni. Lakini mkaushaji anayejua kazi hachochei moto kwa kutazama jani moja. Anaingia, ananusa, anapima hali ya bani zima, ndipo anaongeza au kupunguza kuni. Kwa hiyo joto la jani la kona hii linategemea majani yote, hata yale ya kona ile ambayo halitayagusa kamwe. Milinganyo ya namna hiyo, ambayo kila nukta inangoja habari za uwanja mzima, ndiyo tuliyoishughulikia. Tuliiita milinganyo isiyo ya mahali pamoja. Wenzetu wa fani wangeongeza kwamba ilikuwa ya jamii ya duaradufu, na kwamba haikuwa ya mstari, yaani ukizidisha sababu mara mbili, usitegemee matokeo yazidi mara mbili. Na hatukuwa tunalitafuta jawabu lenyewe. Tulitaka kuthibitisha kwamba lipo. Siku moja nilimsikia Bi Zuhura kupitia ukutani akimweleza mteja wake habari zangu. "Mpangaji wangu anasomea jibu." Mteja akauliza, "Analitafuta?" "Halitafuti. Anasomea kwamba lipo." "Akishajua kwamba lipo?" "Anapewa cheti." Walicheka mpaka cherehani ikasimama. Nilicheka nami, peke yangu, upande wangu wa ukuta, maana hawakuwa wamekosea hata neno.

Tasnifu niliiandika kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, lakini Mwalimu alikataa kuisikia kwa Kiingereza. Wiki ya kwanza tu alinikatisha. "Kiingereza kina namna moja ya kusema kitu kipo, na ukitaka unaweza kujificha ndani yake. Nisomee kwa Kiswahili. Ukisema jawabu liko, nitajua unadhani liko mahali usipopajua. Ukisema lipo, nionyeshe kwa kidole. Ukisema limo, nitakuuliza limo ndani ya nini." Mwanzoni niliona ni usumbufu wa mzee asiye na la kufanya. Nilikuwa nikiisoma sentensi moja mara nne, ananirudisha kwa sababu ya silabi. "Liko au lipo?" "Lipo, Mwalimu." "Umepapasa, au umeona?" Nikinuna, alingoja. Mama Tunu alikuwa akikaa koridoni na ungo wake wa karanga, na nikivuka kwenda kunywa maji alikuwa akininong'oneza, "Leo ameamkia upande gani?" Saa saba tulikula. Siku nyingi ilikuwa ugali na nsansa, mboga ya majani makavu, iliyoungwa kwa karanga, na msimu wa mvua uyoga, na jioni kabla sijaondoka matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, na chai aliyoipika Mama Tunu mwenyewe, kwa sababu ya heshima ya vikombe. Nimekula kwenye hoteli za mikutano tangu wakati huo. Sijapata kula na mtu anayeniuliza, huku amenyoosha mkono kutafuta bakuli la mboga, kama seti yangu imefungwa au iko wazi.

Njia yetu ilikuwa ya kusogelea. Unaunda kadirio la kwanza, la pili, la tatu, bila mwisho, kila moja likikosea kidogo kuliko lililotangulia. Unaonyesha kwamba makadirio yote hayo yanaelekea kwenye kitu fulani, ambacho ndicho kikomo chake. Kisha unaonyesha kwamba kikomo hicho kinautimiza mlinganyo, na hapo jawabu limo. Hatua hii ya mwisho ilikuwa kwenye ukurasa wa thelathini na moja. Nilikuwa nimeiandika mwezi wa pili, kwa mistari minne, nikaianza kwa maneno "ni dhahiri kwamba." Mwalimu alikuwa na homa siku niliyoisoma, akaipitisha. Mwezi wa tano ulipofika mambo yalikuwa yamebana. Usajili wangu ulikuwa unaisha Jumatatu ya mwisho ya mwezi, na chuoni walikuwa wameniwekea nafasi ya mhadhiri msaidizi kwa sharti niwasilishe siku hiyo au kabla yake. Treni ya kuniwahisha ilikuwa ya Ijumaa asubuhi. Mwalimu naye aliniambia, na hakuwa mtu wa kujieleza, kwamba angependa kazi hii iishe angali anaona ukurasa ni mweupe. Kanuni hii alikuwa ameifukuzia miaka mingi kabla sijazaliwa kwenye fani. Alikuwa amewaandikia rafiki zake wawili kwamba sasa imekamilika.

Jumanne, nikiinakili kwa mwandiko safi, nilifika kwenye "ni dhahiri kwamba" nikasita kalamu ikiwa hewani. Haikuwa dhahiri. Moto wa bani letu ulitegemea jumla ya nguvu katika bani zima. Makadirio yangu yalikuwa na jumla zake, na jumla hizo zilikaribia namba fulani. Nami nilikuwa nimesema, bila kuthibitisha, kwamba namba hiyo ndiyo jumla ya kikomo. Lakini huenda kikomo kikawa na jumla ndogo zaidi. Kuna nguvu inayoweza kuvuja njiani. Ikivuja, kikomo kinautimiza mlinganyo mwingine, wenye moto mwingine, siyo wetu. Nilijaribu Jumanne yote na Jumatano yote kuliziba pengo lile. Sikula. Bi Zuhura aliniletea uji, akauacha mlangoni, akasema, "Mwanangu, hilo jibu likikataa kuwapo, si uliache?" Nilimjibu vibaya. Mpaka leo naona haya kwa jibu lile, kwa sababu alikuwa ameniona naogopa na mimi sikutaka kuonekana.

Alhamisi nilimsomea Mwalimu mara ya mwisho. Alikaa akiuelekea ubao, mikono juu ya fimbo, kichwa kimeinama kidogo upande wa sikio la kulia. Nilisoma polepole mpaka ukurasa wa ishirini na tisa, kisha nikagundua kwamba naharakisha. Nikapunguza mwendo, ikawa mbaya zaidi. Koridoni karanga ziliacha kugonga ungo. Nikafika. Nikasema, "Kwa hiyo jumla hizi mbili ni sawa, na jawabu limo." Alingoja. Nilikuwa najua kungoja kwake kwa aina zote, na hii ilikuwa aina nisiyoijua. Akauliza, "Limo?" Nikasema, "Limo, Mwalimu." Akasema, "Haya. Endelea." Nilipomaliza nilimpelekea karatasi ya sahihi. Nilikishika kidole chake cha shahada nikakiweka kwenye mwanzo wa mstari, naye akatia sahihi, jina zima, bila kuvuka nje. Kidole kilikuwa cha baridi. Mama Tunu aliandaa chakula, nikasema nawahi kufunga begi. Wakati naaga, Mwalimu alisema tu, "Treni usiikose." Nilipiga pedeli kurudi Isevya nikiwa na bahasha kifuani, chini ya blauzi, na njia nzima nilijiambia kwamba kanuni yenyewe huenda ni ya kweli, kwamba wasahihishaji hawatafika ukurasa huo kwa makini, kwamba nitaliziba pengo baadaye nikiwa na kazi na meza yangu mwenyewe. Zilikuwa hoja nzuri. Nimezisikia tangu hapo kwa wanafunzi wangu, karibu neno kwa neno.

Ningependa kusema kilichonizuia ni dhamiri. Kwa kweli ilikuwa kuchelewa kwa treni. Ingefika kwa wakati wake ningepanda, na leo ningekuwa mtu mwingine, pengine mwenye cheo. Ilichelewa kwa muda wa saa tatu. Nilikaa kwenye benchi la stesheni na bahasha mapajani, na karibu yangu walikaa wanaume wawili waliotoka Usinge, wakizungumzia tumbaku. Mmoja alikuwa amepoteza bani zima msimu ule. "Moto ulizimika?" mwenzake alimuuliza. "Kidogo tu. Nilipitiwa na usingizi." "Si ukauwasha tena?" "Niliuwasha. Kipimajoto kikarudi palepale kilipokuwa, nikasema nimepona. Ukitazama kwa nje, tumbaku nzuri kabisa. Kwenda kuifungua, madoa matupu." Yule mwingine akatikisa kichwa, akasema kitu kwa Kinyamwezi ambacho sikukisikia vizuri. Niliwasikiliza kwa sababu nilikuwa natafuta chochote cha kusikiliza. Kisha nikaitoa penseli, nikachora nyuma ya bahasha wimbi dogo linalotetemeka, halafu lingine linalotetemeka mara mbili zaidi lakini lenye kimo nusu, halafu la tatu. Ukiendelea hivyo, jicho linaona mstari ulionyooka tu. Lakini ukiijumlisha miinuko na miteremko yote, nguvu haijapungua hata chembe. Iko wapi? Haimo kwenye mstari. Mchoro huo kila mwanafunzi wa fani yetu anaufahamu, mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha wenzangu. Na nilikuwa nimemwambia mtu asiyeona kwamba nimeona.

Treni ikaja. Watu wakainuka, vikapu vikapita madirishani, mwanamke mmoja akaniambia, "Dada, hupandi?" Nikasema napanda. Sikuinuka. Sijui kulieleza hilo vizuri zaidi ya hapo. Treni ilipopiga honi na kuondoka, niliogopa kama ambavyo sijaogopa tena, kwa sababu sasa sikuwa na kazi, sikuwa na usajili, na bado sikuwa nimesema ukweli. Nikatembea kwa miguu mpaka Itetemia juani, na begi langu la safari. Uani nilivua viatu, nikapiga hodi. Mwalimu alikuwa amekaa palepale, akiuelekea ubao, na sahani ya chakula mbele yake haijaguswa.

"Treni imeondoka?" akauliza.

"Imeondoka, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Soma."

Sikuhitaji kuufungua ukurasa. "Jawabu liko, Mwalimu," nikasema. "Lakini kama limo, sijui. Jana nilijua kwamba sijui."

Hakunipa pole, hakunilaumu. Akasema, "Tumepoteza siku moja. Mama Tunu, mpe huyu ugali. Wewe, ukimaliza, futa ubao."

Miezi mitatu iliyofuata ndiyo ninayoiita elimu yangu. Nafasi ya chuoni alipewa mwingine, na sitajifanya haikuniuma, inaniuma mpaka leo nikipita kwenye majengo yale. Mwezi wa saba tundu la ufunguo lilijifunga, na Mwalimu akawa haoni kabisa. Alichoniomba ni kwamba kila ukurasa mpya nimwekee kidole juu kwenye mstari wa kwanza na chini kwenye mstari wa mwisho, ajue urefu wake. Pengo halikuzibika. Tulilishambulia kila upande, na kila upande lilitoa meno. Asubuhi moja, tukiwa tumechoka hata kugombana, nilimsimulia wale watu wawili wa stesheni, ili kupitisha muda tu. Aliinua kichwa. "Rudia. Moto ulizimika?" "Kidogo tu, alisema." "Na kipimajoto kikarudi palepale." "Ndiyo." Akaipiga sakafu kwa fimbo. "Paskazia, sisi kwenye mlinganyo wetu tumeruhusu moto uzimike. Hakuna mahali tuliposema usizimike. Kila nguvu inapotuvujia, inavujia hapo." Alikuwa sahihi. Ukiweka sharti kwamba moto, hata ukipungua namna gani, haushuki chini ya kiwango fulani, basi unaweza kuyalinganisha makadirio na kikomo chake moja kwa moja, na mtetemo wote unakufa. Jumla mbili zinakuwa sawa. Ukurasa wa thelathini na moja ukawa kurasa sita. Nilipomsomea mwisho wake nilisema "limo," naye akaninyooshea kiganja, nikakielekeza kidole chake kwenye mstari wenyewe. Akakiacha pale muda mrefu.

Ilikuwa kanuni ndogo kuliko aliyoitaka. Aliitaka isiyo na sharti. Aliwaandikia tena rafiki zake wawili, mimi nikiwa mwandishi, akisema alikosea kutangaza mapema na kwamba kanuni ni ya bani ambalo moto wake hauzimiki. Neno "mwanafunzi wangu alikosea" halikuwamo kwenye barua hizo. Mimi niliwasilisha mwaka uliofuata kwa usajili mpya, nikapata cheti changu, nikaenda kufundisha sekondari. Kwa miaka yote hiyo nilimpigia Mwalimu simu kila Krismasi, na hakuna hata mara moja tuliyoitaja Alhamisi ile. Niliamini kwamba hakujua mpaka nilipomwambia. Niliona ndiyo zawadi pekee niliyompa: kwamba alidanganywa siku moja tu, na aliyemdanganya akarudi mwenyewe.

Siku ya kuanua matanga, watu walipopungua, niliziondoa zile kanga ubaoni nikazikunja. Mama Tunu alikuwa koridoni na ungo wake. Nikakaa chini karibu naye, nikachukua karanga nikaanza kumenya, na nikasema kile nilichotoka nacho mbali. "Mama, ile Alhamisi nilimdanganya Mwalimu."

"Najua," akasema. "Si nilikuwa hapahapa? Ulipofika kwenye lile neno ulimeza mate, mimi nikaacha kupepeta."

"Yeye je?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua huchomoza. "Mtu asiyeona, mwanangu, sauti ndiyo sura yako. Ulipoondoka nilimgombeza. Nikamwambia, msichana amekudanganya mchana kweupe na wewe unamtilia sahihi? Akasema, hesabu naijua ina tundu, bado sijajua huyu mtoto ana nini ndani. Basi. Kesho yake amekaa pale toka asubuhi, chakula hakigusi. Honi ya treni imelia, mimi nikasema, haya, ameenda zake. Amekaa vilevile. Mpaka aliposikia unavua viatu uani. Hujapiga hodi bado."

"Akasema nini?"

Mama Tunu aliuweka ungo chini.

"Alinigeukia na yale macho yake, akasema neno moja tu. Akasema, 'Yumo.'"